Mlonge: Sahani ya Mboga au Kijiko cha Unga?

Unga wa mlonge sasa unauzwa kila mahali. Uko kwenye maduka ya dawa za asili, stendi za mabasi, vibanda vya sokoni na simu za watu wanaofanya biashara mtandaoni. Sifa zake tumezisikia hadi tumezikariri: vitamini C mara saba ya chungwa, vitamini A mara nne ya karoti, kalsiamu mara nne ya maziwa, potasiamu mara tatu ya ndizi, protini mara mbili ya maziwa. Juu ya hayo huongezwa kwamba mti huu hutibu magonjwa 300. Na mti wenyewe, ambao Pwani ya Kenya wengi huuita mzunze, umesimama kwenye ua wa nyumba za Kilifi, Kwale na Tanga, majani yake yakidondoka na kufagiliwa pamoja na takataka, huku ndani ya nyumba hizohizo mtoto akila ugali na chai kavu.

Hali hiyo inaniuma, na ndiyo iliyonifanya niandike. Ninaupenda mti huu na ninaamini una kitu cha kutupa. Lakini ili tukipate inabidi tujiulize maswali matatu kwa utulivu. Ndani ya jani mna nini, na kiasi gani? Sifa yake ya antioksidanti ina maana gani kwa mwili wa mtu aliye hai? Na kati ya kopo la unga na chungu cha mboga, ni kipi kinachotufikishia faida hiyo?

Mti uliotoka mbali

Mlonge tunaouzungumzia, ambao wanasayansi wanauita Moringa oleifera, asili yake ni miinuko ya chini ya Himalaya, kaskazini magharibi mwa Bara Hindi. Ulivuka Bahari ya Hindi na kuota mizizi pwani yetu kiasi kwamba wengi huudhani ni wa kwetu tangu zamani. Hata hivyo ukoo wake unatuhusu kwa karibu. Jamii ya mlonge ina spishi 13, na nyingi kati yake ni za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki. Wakonso wa kusini mwa Ethiopia wamelima ndugu yake, Moringa stenopetala, kwa vizazi vingi, na majani yake ndiyo mboga yao ya kila siku.

Kila ulikofika, watu waliujua kwanza kama chakula. Wahindi hupika maganda yake machanga kwenye mchuzi wa dengu. Wafilipino hutia majani kwenye supu ya kuku. Wahausa wa Niger na Nigeria huyachemsha na kuyachanganya na mashudu ya karanga. Wamijikenda huyala kwa sima. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanza na kijiko cha unga kwenye glasi ya maji.

Mara saba ya chungwa: namba hii ilitoka wapi?

Ulinganisho huu ulipata umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitia kazi ya Lowell Fuglie, aliyeutangaza mlonge akiwa Senegal na shirika la Church World Service, kwa nia njema ya kupambana na utapiamlo. Takwimu za majani mabichi zilichukuliwa kutoka majedwali ya vyakula ya India. Humo, gramu 100 za majani mabichi ziliandikiwa miligramu 220 za vitamini C, na chungwa miligramu 30. Gawanya, utapata mara saba. Mlonge uliandikiwa miligramu 259 za potasiamu na ndizi 88. Hapo ndipo ilipozaliwa mara tatu.

Sasa tuweke kando yake majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo wataalamu wa lishe duniani huyatumia sana. Gramu 100 za majani mabichi ya mlonge zina miligramu 52 hivi za vitamini C. Chungwa lina 53. Potasiamu ni miligramu 337, na ndizi ina 358. Vitamini A ni mikrogramu 378, ilhali karoti ina 835. Kwa hesabu hii mlonge unalingana na chungwa, unakaribiana na ndizi, na karoti inauzidi mara mbili.

Je, basi tumedanganywa? Hapana, si kwa kila kitu. Kwa protini, jani bichi lina gramu 9.4, karibu mara tatu ya maziwa ya ng'ombe. Kwa kalsiamu lina miligramu 185, na maziwa 113 hivi. Kwa madini chuma lina miligramu 4, ilhali spinachi iliyosifiwa vizazi na vizazi ina 2.7. Hiyo ni mboga bora kwa kipimo chochote, na haihitaji kuongezewa chumvi.

Tofauti kati ya 220 na 52 nayo ina sababu zake. Vitamini C hupungua kila saa baada ya jani kuchumwa. Jani changa halilingani na lililokomaa, mti wa kiangazi haulingani na wa masika, udongo wa Tanga si wa Chennai, na maabara hazipimi kwa njia moja. Lakini namba ya ndizi haielezeki hivyo. Miligramu 88 ni kidogo mno kwa tunda hilo. Mtu anapoitaja mara tatu leo, anarudia udhaifu wa jedwali la zamani.

Kijiko kwenye mizani

Kosa kubwa zaidi lilifuata baadaye. Namba za jani bichi zilibandikwa kwenye kopo la unga mkavu, na namba za unga mkavu zikalinganishwa na vyakula vibichi vyenye maji tele.

Karibu asilimia 79 ya jani bichi ni maji, na unga hubaki na asilimia 7 au 8 tu. Kwa hiyo inachukua zaidi ya kilo nne za majani kupata kilo moja ya unga, na chochote kisichoharibika kwa kukaushwa hujikusanya humo. Vipimo vya unga alivyovichapisha Fuglie mwenyewe vinaonyesha, kwa gramu 100, protini gramu 27, kalsiamu miligramu 2003 na chuma miligramu 28.2. Ni namba za kushangaza. Ila kwenye orodha hiyohiyo vitamini C imeshuka hadi miligramu 17.3. Ile iliyodaiwa kuwa mara saba ya chungwa imekuwa theluthi ya chungwa, kwa sababu vitamini C haivumilii joto, hewa wala jua.

Isitoshe, hakuna mtu anayekula gramu 100 za unga wa mlonge. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 8 hivi. Tukikipima kwa namba hizohizo, kijiko hicho kinatoa kalsiamu miligramu 160, ambayo ni zaidi ya nusu ya glasi ya maziwa. Chuma miligramu 2.3, protini gramu 2.2, yaani theluthi ya yai. Vitamini C isiyofika miligramu 2. Na vitamini A ya mikrogramu 110 hivi, kama majani yalikaushwa kivulini.

Sasa tuchukue sahani. Gramu 100 za majani ya mlonge yaliyochemshwa na kuchujwa maji, kwa majedwali ya Marekani, zina kalsiamu miligramu 151, chuma miligramu 2.3, protini gramu 5.3, vitamini C miligramu 31 na vitamini A mikrogramu 351.

Hesabu hii ndiyo kiini cha hoja yangu. Kwa kalsiamu na chuma, sahani moja ya mboga na kijiko kimoja cha unga ni sare. Kwa protini sahani inashinda mara mbili na zaidi, kwa vitamini A mara tatu, na kwa vitamini C kijiko hakionekani hata vumbi lake. Sahani hiyo inachumwa uani bila kutoa hata senti.

Unga una mahali pake, na ni haki kulisema hilo. Mtoto wa miezi minane hawezi kumaliza sahani ya mboga, lakini nusu kijiko kwenye uji anaweza. Mkazi wa mjini asiye na ua hana pa kuchuma. Na unga unasafiri. Palipo na mti, hata hivyo, unga ni mbadala wa mboga tu.

Kutoka chupa ya maabara hadi kwenye damu

Neno antioksidanti limekuwa kama hirizi: likiandikwa kwenye kopo, bei inapanda. Tulifungue tuone ndani.

Mwili unapochoma chakula kwa oksijeni ili upate nguvu, huzalisha pia chembe zenye upungufu wa elektroni, ziitwazo chembe huru. Chembe hizi hupora elektroni kutoka kwa mafuta ya utando wa seli, protini na hata vinasaba, kama kutu inavyokula bati. Antioksidanti ni kitu chochote kinachoweza kuikatia chembe huru elektroni moja bila chenyewe kugeuka mporaji.

Majani ya mlonge yanazo kwa wingi. Mna polifenoli kama kwesetini, kaemferoli na asidi ya klorojeni, hii ya mwisho ikiwa ndiyo ile iliyomo kwenye kahawa. Mna karotini, vitamini C na vitamini E. Halafu mna glukosinoleti, ukoo uleule unaoipa haradali ukali wake. Ukitafuna jani bichi, ile pilipili ndogo inayokuchoma nyuma ya ulimi ni kazi ya kimeng'enya kiitwacho mirosinesi, kinachovunja glukosinoleti pindi jani linapopondeka na kuzaa isothiosayaneti. Mzizi wake ni mkali zaidi, hata Waingereza huko India waliutumia badala ya mzizi mkali wa kwao wa kukolezea nyama. Mgagani na sukuma wiki nazo zimo kwenye oda hiyohiyo ya mimea na zina glukosinoleti zake.

Nguvu hii hupimwaje? Kipimo kinachotumika zaidi ni cha kemikali iitwayo DPPH, yenye rangi ya zambarau iliyokolea. Mtafiti huloweka majani kwenye methanoli au ethanoli, huchuja, hutia matone ya maji hayo kwenye DPPH na kutazama zambarau ikififia kuwa manjano. Kadiri inavyofifia zaidi ndivyo nguvu ya antioksidanti ilivyo kubwa. Kipimo ni rahisi na sahihi kwa kazi yake, na mlonge hufaulu vizuri.

Tatizo ni kwamba jaribio linaishia kwenye chupa. Chupa haina tumbo, utumbo, ini wala figo. Sehemu kubwa ya polifenoli tunazokula haivuki ukuta wa utumbo. Kidogo kinachovuka hubadilishwa na ini na kutoka kwa mkojo ndani ya saa chache. Wakati huohuo mwili una jeshi lake la ulinzi, vimeng'enya na glutathioni unayoitengeneza wenyewe, na jeshi hilo ndilo linalobeba kazi nzito. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuchapisha orodha ya vyakula na nguvu zake za antioksidanti kwa kipimo cha ORAC. Mwaka 2012 iliiondoa, ikisema namba za maabara hazitabiri faida ndani ya mwili na zimekuwa zikitumiwa vibaya na wauzaji.

Liko pia onyo zito zaidi. Nchini Finland, wanaume zaidi ya 29,000 waliovuta sigara walifuatiliwa kwa miaka mitano hadi minane, baadhi wakipewa kila siku kidonge cha miligramu 20 za betakarotini, antioksidanti iliyotazamiwa kuwakinga na saratani. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Utafiti mwingine wa Marekani, uliohusu watu zaidi ya 18,000, ulisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu inayofanana na hiyo. Karotini ileile ambayo kwenye karoti na mchicha haijamdhuru mtu, ilipokamuliwa ikatiwa kidongeni kwa wingi, ilikwenda kombo.

Hili halimaanishi kwamba antioksidanti za mlonge hazina kazi. Isothiosayaneti, kwa mfano, haifanyi kazi kwa kukimbizana na chembe huru moja baada ya nyingine. Kwenye majaribio ya seli na wanyama imeonekana kuliamsha jeshi la ndani, yaani kuzifanya seli zitengeneze vimeng'enya vyake kwa wingi zaidi. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa binadamu, kinachofaa ni kipimo kidogo kinachorudiwa mara kwa mara. Na mboga huliwa namna hiyohiyo: kidogo leo, kidogo kesho, mwaka mzima.

Walipopimwa watu

Majaribio kwa binadamu yapo, ingawa ni machache, madogo na ya muda mfupi. Moja lililochapishwa India mwaka 2014 linastahili kutazamwa kwa makini. Wanawake 90 waliokoma hedhi, wa umri wa miaka 45 hadi 60, waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilikula gramu 7 za unga wa majani ya mlonge kwa siku, kundi la pili gramu 9 za unga wa majani ya mchicha, na la tatu halikupewa chochote. Baada ya miezi mitatu, waliokula mlonge walikuwa na vimeng'enya vya ulinzi zaidi kwenye damu na alama ndogo za uharibifu wa mafuta ya seli. Sukari yao ya kabla ya kula ilishuka kwa asilimia 13.5.

Habari hii hunukuliwa sana na wauzaji wa mlonge. Lakini wengi huishia hapo bila kusema yaliyolipata kundi la pili. Waliokula mchicha nao walipata vimeng'enya zaidi, na sukari yao ikashuka kwa asilimia 10.4.

Mchicha! Ule wa fungu la sokoni, unaoota hata penye mtaro. Mlonge uliushinda kwa hatua chache, na kwa makundi ya watu thelathini thelathini hatua hizo si za kujengea hekalu. Mimi nasoma matokeo haya kama ushindi wa mboga za majani zenye kijani kilichokolea, mlonge ukiwa miongoni mwa zilizo bora. Mgagani, mnavu, kisamvu na matembele ziko kwenye safu hiyohiyo, na tunazo.

Tunazihitaji pia. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 59 ya wale wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vina mkono humo, kwa hiyo hakuna mboga itakayolimaliza tatizo hili peke yake. Lakini mtoto asiyepata chuma, folati na vitamini A ya kutosha hupigana vita hiyo mikono mitupu.

Chungu ndicho maabara ya mwisho

Kilichomo kwenye jani si lazima kifike kwenye damu. Kati ya jani na damu yupo mpishi, na mpishi ana uwezo mkubwa kuliko tunavyomheshimu.

Chuma cha mimea ni kigumu kufyonzwa. Kwenye mlo wa nafaka na mboga bila nyama, hukadiriwa kwamba asilimia 5 hadi 10 tu ndiyo inayoingia mwilini. Polifenoli zilezile tunazozisifu kwa kuwa antioksidanti hukishika chuma na kukizuia, na chai ya rangi huongeza kizuizi hicho. Vitamini C hufanya kinyume: hukifungua. Kukamulia ndimu kwenye mboga mezani, kula embe au pera baada ya mlo, na kuiahirisha chai kwa saa moja au mbili, ni hatua ndogo zenye uzito.

Karotini nayo haiyeyuki kwenye maji; inataka mafuta. Hapo ndipo tui la nazi la Pwani linapopata heshima yake, sawa na karanga za kusaga za bara na mashudu ya Wahausa. Watu wa mbali na wasiojuana walifikia jibu moja kabla ya mtu yeyote kuijua karotini: majani haya yapikwe na kitu chenye mafuta.

Uchungu ndio mtihani. Wengi huyachemsha majani na kumwaga maji, na kwa maji hayo huondoka sehemu ya vitamini C na folati. Njia ya kati ni kuchuma majani machanga, ambayo uchungu wake ni mdogo, kuyatia kwenye maji machache yanayochemka kwa dakika chache, kisha kumalizia kwa tui, nyanya na kitunguu. Mapishi marefu huua mirosinesi, hivyo anayependa anaweza kutia majani machache mabichi yaliyopondwa chungu kikishaipuliwa. Anayekausha, akaushe kivulini penye hewa, kwenye kitambaa safi, na ahifadhi mbali na mwanga na unyevu, maana unga uliovuta unyevu huota ukungu.

Tahadhari nazo zisemwe bila kumtisha mtu. Majani kama mboga yameliwa kwa karne nyingi na ni salama kwa watu wengi. Mizizi na magome ni jambo jingine; yana kemikali zenye sumu na hayafai, hasa kwa mama mjamzito. Anayemeza dawa za kisukari au shinikizo la damu amwambie daktari wake kabla ya kuanza unga wa kila siku, kwa kuwa viwili vinavyoshusha vikikutana vinaweza kushusha kupita kiasi. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda ajue kwamba majani haya yana vitamini K nyingi. Na asiwepo mtu wa kuacha dawa alizoandikiwa hospitali kwa ahadi ya magonjwa 300.

Sifa isiyoandikwa kwenye kopo

Nikiulizwa sifa kuu ya mlonge, sitataja vitamini yoyote. Nitataja mwezi. Kiangazi kinapofika mwisho wake, mchicha umekauka, mnavu umetoweka na fungu la mboga sokoni limepanda bei, mlonge bado una majani. Mizizi yake minene huhifadhi akiba. Ukiukata kimo cha kiuno huchipua upya, na kadiri unavyouchuma ndivyo unavyozidi kutoa machipukizi. Hukua kwa mbegu au kwa tawi lililochomekwa ardhini, na ndani ya mwaka mmoja huweza kupita urefu wa mita tatu. Udongo wa kichanga wa Pwani unaufaa. Maji yaliyotuama ndiyo adui yake.

Kwa hiyo ningependa kuona mambo mawili. Wauzaji waandike kwenye kopo kiasi kilichomo kwenye kijiko kimoja, si kwenye gramu 100, ili mnunuzi ajue anachomeza. Na watafiti wetu, wanaojua kuififisha zambarau ya DPPH, watupimie sahani: mzunze wa tui, mlonge wa karanga, baada ya moto, pamoja na ndimu na bila ndimu, na damu ya mtoto aliyeila kwa miezi sita. Hilo likifanyika tutakuwa na elimu inayoanzia jikoni kwetu.

Hadi hapo, penye mti tusingoje. Jioni, kabla sima haijasongwa, mtu atoke uani, avute tawi, achume majani machanga kadiri ya mikono miwili. Chungu kipo, nazi ipo, ndimu ipo. Mtoto anasubiri kula.